Ng'ombe Mmoja wa Mayunga

Ukitaka kumjua Kasmiri wa Kibaoni, mpelekee simu iliyokufa. Hatakuuliza imefanya nini. Ataigeuza, ataipuliza, ataiweka sikioni kama anasikiliza kifua cha mtoto mwenye kikohozi, ndipo akuulize, "Ilianguka au iliangushwa?" Kwake hayo ni mambo mawili tofauti. Iliyoanguka anaitengeneza. Iliyoangushwa anaitengeneza pia, ila mwenye nayo anapewa kwanza kigoda akae, aeleze kilichomsibu.

Kibanda chake ni kidogo. Mnaingia watu wawili, wa tatu anasimama na kivuli chake nje. Ndani kuna bisibisi saba, kopo la vipuri, na kompyuta moja ya kukunja ambayo aliichukua ikiwa mbovu akaifufua mwenyewe. Kwenye kompyuta hiyohiyo ndiko alikojifunza kutengeneza tovuti. Hakwenda chuo. Alitazama video, akajaribu, akakosea, akarudia, mpaka siku moja akaita wateja waje kuona jina lake linavyotokea kwenye intaneti. Wakaja. Mmoja akauliza kama angeweza kuandikwa na yeye. Justa, mke wake, alikuwa akisema, "Mwenzangu ana maneno mengi na hiyo kompyuta kuliko aliyo nayo kwa wakwe zake." Lakini alikuwa akisema hivyo huku akimletea chai.

Sasa habari ya ng'ombe ilianzia shambani kwa mama yake Kasmiri, Mama Apolonia. Mama huyo ana shamba la mpunga kule bondeni, na mpunga ukianza kukomaa anahamia hukohuko, kwenye dungu lake la miguu mirefu, anaamia ndege hadi mavuno. Asubuhi moja akashuka, akakuta ng'ombe mwekundu, pembe moja imepinda mbele, kasimama katikati ya mpunga kama mtu aliyealikwa. Anakula bila haraka.

Majirani wakakusanyika na fimbo zao. Wengine wakasema achinjwe. Wengine wakasema huyo ana wenzake, na wenzake wana wenyewe, na wenyewe watakuja. Unajua kwetu huku mambo ya mkulima na mfugaji yanavyoweza kugeuka. Kasmiri siku hiyo alikuwa amempelekea mama yake chumvi na sabuni. Akampiga yule ng'ombe picha, akaituma kwenye makundi yote ya simu aliyokuwamo, hadi la kwaya, na majirani wakakubali kusubiri.

Siku ya tatu akaja mtu na baiskeli kutoka Kiberege, ameiona picha. Akaiegesha mbali, akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Habari za hapa? Poleni na kazi. Poleni na hasara."

Ng'ombe alikuwa amefungwa hatua ishirini kutoka pale, na yule mtu hakugeuza hata jicho kumtazama mpaka alipomaliza salamu zote. Mama Apolonia anasema hadi leo, "Angemtazama ng'ombe kwanza, ningemrudisha alikotoka." Huyo ndiye Mayunga, mfugaji wa Kisukuma. Mavuno yalipofika akarudi na watu wa nyumbani kwake, wakakata mpunga siku mbili, wakala wali wa Mama Apolonia, na tangu hapo yeye na Kasmiri wakawa watu wa kupigiana simu bila sababu.

Kasmiri akawaza: kama picha moja imezuia fimbo zile, je, kukiwa na mahali pa picha zote? Akatengeneza tovuti, akaiita Ng'ombe Wako. Aliyeokota ng'ombe anaweka picha na kijiji. Aliyepotelewa anatafuta. Na mfugaji anaweza kujisajili mapema, ili ng'ombe akionekana mahali apigiwe yeye moja kwa moja. Fomu ilikuwa fupi: jina, kijiji, namba ya simu, idadi ya ng'ombe ulio nao.

Watu wakaanza kujisajili, polepole. Na hapo Kasmiri akaona kitu kikamkosesha raha. Kila aliyejisajili alikuwa na ng'ombe mmoja.

Mtu wa Kiberege, ng'ombe 1. Mtu wa ng'ambo ya mto, ng'ombe 1. Mayunga mwenyewe, ng'ombe 1. Na Kasmiri alikuwa amewahi kusimama barabarani pale Kiberege akiwasubiri ng'ombe wa Mayunga wavuke. Basi la abiria lilizima injini, dereva akashuka akanunua mahindi ya kuchoma, akayamaliza, na ng'ombe bado wanavuka.

Kwa hiyo mtambo ulikuwa mbovu. Hakuona jibu lingine. Alikumbuka kwamba mwanzoni alikuwa ameiandika moja kwenye kile kisanduku cha idadi kama mfano, kisha akaifuta. Labda haikufutika vizuri. Akatafuta. Akaandika upya fomu nzima. Wakajisajili wengine watano: moja, moja, moja, moja, moja. Akamuuliza Mayunga kwa simu:

"Ndugu yangu, kwenye ile fomu uliandika ngapi?"

"Niliandika panapotakiwa kuandikwa."

"Na ikakubali?"

"Ilikubali vizuri tu, fundi. Fomu yako ina adabu."

Basi akarudi kwenye kompyuta kutafuta kosa. Ilienda hivyo miezi miwili.

Ndipo ukaja mwaliko. Kulikuwa na kongamano la teknolojia na tovuti mjini Morogoro, siku mbili, na Kasmiri aliyekuwa ameandika maombi bila tumaini akapewa dakika kumi za kuonyesha kazi yake asubuhi ya siku ya pili. Barua ilisema aje na mtu mmoja anayeitumia huduma hiyo. Alifurahi hadi akasahau kula. Kisha furaha ikapungua.

"Nitaonyesha nini, Justa? Mtambo unaosema Msukuma ana ng'ombe mmoja?"

"Si watakuwepo mafundi wakubwa huko? Waulize."

"Nitawauliza. Wakishindwa na wao, nikirudi naifunga. Sitaki watu waniwekee mali yao kwenye kitu kinachodanganya."

Justa akamtazama. Alijua hasemi hayo kwa hasira. Kasmiri akiwa na hasira hupiga mluzi, na siku hiyo hakupiga.

Wakaondoka na basi la asubuhi, Mayunga akipandia Kiberege, amevaa koti alilofungia ndoa, na mkononi chupa ya lita tatu ya maziwa.

"Hayo ya nini?"

"Tunakwenda ugenini, fundi. Utakwenda mikono mitupu? Ninyi watu wa wali mnajua kula, kutembelea watu hamjui."

"Kwenye kongamano wana chai."

"Ya maziwa?"

"Ya maziwa ya unga."

Mayunga akaikumbatia chupa yake hadi Mikumi.

Mlangoni mwa ukumbi palikuwa na meza, na nyuma ya meza dada anayeandikisha. Akawavalisha kila mmoja kitambulisho chenye kamba ya shingoni. Mayunga akakishika, akakitikisa karibu na sikio.

"Wametufunga kengele," akamnong'oneza Kasmiri. "Wanaogopa tutapotea."

Yule dada akacheka. "Mzee wangu unashughulika na nini?"

"Mfugaji, binti yangu."

"Ooh! Una ng'ombe wangapi?"

"Wapo wapo tu," akasema Mayunga, na akamuuliza habari za wazazi wake.

Kasmiri aliyasikia hayo kwa masikio yake mawili. Hayakumwambia kitu. Mawazo yake yalikuwa kwenye kile kisanduku.

Siku ile ya kwanza walisikiliza mengi. Walisikia habari za akili mnemba, ambayo Mayunga aliisikiliza kwa makini kisha akauliza jirani yake kama inajua kukamua. Walisikia kijana akieleza jinsi ya kulinda nywila. Mayunga akaitikia kwa kichwa muda wote, maana alikuwa na nywila moja kwa kila kitu na hajawahi kumwambia mtu, hata Kasmiri aliyekuwa amemtengenezea simu. Wakati wa chai akamimina maziwa yake kwenye vikombe vya watu wa meza yao, na meza ikajaa wageni.

Kasmiri hakunywa. Pembeni mwa ukumbi aliona kibao: Leta Tatizo Lako. Chini yake alikaa msichana mwenye miwani, Careen, mhandisi wa programu kutoka Dar es Salaam, na mbele yake foleni. Kasmiri akapanga foleni akiwa amebeba kompyuta yake kifuani. Mayunga akamfuata na vikombe viwili.

"Shikamooni," akasema Careen zamu yao ilipofika.

"Marahaba, mama," wakaitika pamoja.

Kasmiri akaeleza yote. Akafungua orodha. Watu thelathini na nane, ng'ombe thelathini na tisa.

"Huyu mmoja ana wawili," akasema Careen.

"Huyo ni wa Mlimba. Ndiye aliyenipa tumaini. Nikasema kumbe wakati mwingine mtambo unafanya kazi."

Careen akasoma programu yake kutoka juu hadi chini, taratibu, bila kumkatiza wala kuguna. Kuna mafundi wanaosoma kazi ya mtu aliyejifundisha huku midomo imewapinda. Yeye alisoma kama anasoma barua. Kisha akafungua fomu, akaandika jina la uongo, akaweka ng'ombe saba. Ikahifadhi saba. Akaweka mia tatu na kumi na mbili. Ikahifadhi mia tatu na kumi na mbili. Akaifungua kwenye simu yake mwenyewe, akaweka arobaini. Arobaini ikatokea.

"Baba, mtambo wako mzima."

"Haiwezekani."

"Mzima kabisa. Umeandika vizuri, tena hapa umeandika vizuri kuliko ambavyo mimi ningeandika. Kinachoingia ndicho kinachotoka."

"Sasa hizi moja zinatoka wapi?"

Careen akanyanyua mabega. "Labda uwaulize walioandika."

Kasmiri akatazama orodha. Jina la nne kutoka juu lilikuwa la Mayunga. Akageuka. Mayunga alikuwa anakitazama kikombe chake kana kwamba maziwa yameanza kusema.

"Mayunga."

"Naam."

"Uliandika moja? Wewe? Kwa mkono wako?"

"Kwa kidole."

"Miezi miwili nimetafuta kosa! Nimeandika fomu upya mara tatu! Na mimi sikuwaza hata dakika moja kwamba umeandika wewe. Nikasema Mayunga hawezi kunidanganya, basi mashine ndiyo inadanganya."

Mayunga akaweka kikombe mezani. Uso wake ulikuwa umebadilika. Hilo la mwisho lilikuwa limemfikia mahali.

"Fundi, sikudanganya. Ng'ombe mmoja ninaye. Sikuandika kwamba hakuna wengine."

Careen akaziba mdomo. Lakini Mayunga hakuwa anatania.

"Sikiliza. Kwetu mtu hamuulizi mtu ana ng'ombe wangapi. Hata mke wangu hajaniuliza, na tuna miaka ishirini na mitatu. Unauliza, 'Ng'ombe wanaendeleaje?' Unajibiwa, 'Wapo.' Imetosha. Anayeuliza hesabu ni mwizi, au ni mtu wa serikali, au ni mtu anayetaka wafe. Na wewe si hata mmoja wa hao. Sasa ningekujibu nini? Kukuachia tupu ni kukudharau. Kukutajia sikuweza. Nikaandika moja, kwa heshima yako. Na wenzangu waliponiuliza, 'Huyo fundi anataka nini?' nikawaambia, huyo ni mtu mwema, hajui tu. Andikeni moja."

"Wewe ndiye uliwaambia?"

"Mimi na wale walionisikiliza ndio hao thelathini na saba. Wengine waliona lile swali wakafunga simu zao."

Kasmiri akaipitia orodha tena kwa kidole. Wa nyuma yao kwenye foleni alikuwa ameshaacha kulalamika, naye anasikiliza.

"Na yule wa Mlimba?"

"Yule," akasema Mayunga kwa uchungu, "yule anajisifu."

Hapo Kasmiri akacheka. Alicheka hadi akavua kitambulisho akajifutia macho kwa kamba yake. Maana alikumbuka kwamba lile swali aliliweka kikulima. Mkulima ukimuuliza ana ekari ngapi anakujibu hujamaliza kusema, tena anaongeza mbili. Hakuwa amewaza kwamba kuna watu wengine.

"Kwa nini hukuniambia, ndugu yangu?"

"Ningekuambiaje? Umekaa jua zima umetengeneza kitu kwa ajili yetu, halafu mimi nije niseme umekosa adabu?" Akafikiri kidogo. "Lakini ningejua unahangaika hivyo, ningekuambia. Hilo ni kosa langu. Nilidhani hizo moja umezipenda."

Careen akavuta kiti kingine. "Mzee wangu, kaa hapa. Sasa tuambie. Ng'ombe akipotea, mnaulizana nini?"

Na Mayunga akakaa, akaeleza. Wanaulizana rangi, na rangi si "mwekundu" tu: mwekundu wa udongo au mwekundu wa kutu? Pembe zimeelekea wapi? Sikio limekatwa upande gani, juu au chini? Ana kovu? Anafuata watu au anakimbia? Careen akawa anaandika, Kasmiri anapanga visanduku, na kile cha idadi akakifuta mbele yao wote wawili. Alipotaka kuweka alama zote zionekane kwa kila mtu, Mayunga akamshika mkono.

"Hapana. Alama moja ifiche. Anayesema ng'ombe ni wake, aitaje mwenyewe. Mimi kwa mama nilitaja kovu la chini ya shingo kabla sijasogea. Ndiyo maana aliniamini."

"Mama anasema alikuamini kwa sababu ya shikamoo."

"Ilisaidia," akakubali Mayunga.

Kabla jua halijashuka kwenye milima ya Uluguru fomu mpya ilikuwa tayari, na chupa ya lita tatu tupu.

Asubuhi yake Kasmiri akapanda jukwaani. Alifanya jambo ambalo Careen alimwomba asilifanye na Mayunga alimwambia alifanye: aliwaonyesha kwanza orodha ya zamani, ukutani, kwa herufi kubwa. Wafugaji 38. Ng'ombe 39.

Ukumbi ukaisoma. Kisha sauti nene ikatoka katikati: "Msukuma ng'ombe mmoja? Labda wa kuchora!"

Watu wakaangua kicheko. Mayunga akasimama pale alipokaa, akaweka koti lake sawa.

"Ni mimi huyo," akasema. "Namba nne. Na mwenzangu aliyesema hapo, una mashati mangapi nyumbani? Tutajie hapa."

Kicheko kilichofuata kilichukua dakika moja nzima katika zile kumi. Lakini kilipoisha kila mtu alikuwa amelielewa kosa, na Kasmiri hakuhitaji kulieleza. Akaeleza tu alivyolitafuta kwenye mashine miezi miwili, na lilikokuwa. Akaonyesha fomu mpya. Mtu mmoja mwenye tai akauliza, sasa kwenye ripoti ataandika ng'ombe wangapi wako kwenye mfumo?

"Sitajua," akasema Kasmiri. "Nitaandika waliorudi nyumbani."

Akashuka. Walimpigia makofi, naye akatafuta mahali pa kuweka mikono yake asipate, hadi Mayunga akampa chupa tupu aishike.

Aliporudi Kibaoni, Justa alikuwa mlangoni. Hakuuliza safari. Aliuliza, "Mtambo umepona?"

"Haukuwa unaumwa."

"Sasa nani alikuwa anaumwa?"

"Kaa, nikueleze." Na akamweleza, na Justa alicheka mahali palepale ambapo yeye alicheka, pa yule wa Mlimba.

Tovuti haikufungwa. Wiki ya kwanza waliingia watu kumi na wanne wapya, wiki ya pili akaacha kuwahesabu. Mtamba mweupe mwenye sikio la kushoto lililokatwa, aliyeonekana karibu na reli alirudi kwake Mlimba, na ndiyo, alikuwa wa yule anayejisifu.

Na Jumapili moja baada ya misa, Mayunga akaja kibandani bila simu mbovu. Akavuta kigoda akakaa.

"Andika," akasema.

"Niandike nini?"

"Ng'ombe wangu. Wa kwanza ni jike, mwekundu wa kutu, pembe moja imepinda mbele. Huyo unamjua, amekula kwenu. Wa pili ni mtoto wake, amechukua rangi lakini hakuchukua pembe. Wa tatu ana doa jeupe begani, mviringo, kama sahani..."

Aliwataja mmojammoja, macho ameyafumba, kama anawaona wanatoka zizini asubuhi. Kasmiri akaandika. Chai ikaja ikapoa, Justa akaleta nyingine. Kwenye kona ya kioo palikuwa na kitu ambacho Kasmiri alikuwa amekisahau: tarakimu ndogo ambayo mashine huionyesha yenyewe kila unapoongeza mnyama. Ilikuwa inapanda. Akaiona mara moja, akageuza macho, akararua kipande cha karatasi ya gundi akakibandika pale juu ya kioo.

Mayunga akafumbua jicho moja. "Umeziba nini hapo?"

"Vumbi. Endelea."

Wakaendelea hadi kivuli cha kibanda kikavuka barabara. Mayunga alipokwisha kwenda na baiskeli yake, Kasmiri akaingia ndani ya programu, akaitafuta ile hesabu, akaifuta asiitazame, kwa kuikingia kiganja. Ndipo akabandua karatasi.

Justa alikuwa anakusanya vikombe. "Tangu mchana mnaandika," akasema. "Kwani huyu ndugu yako ana ng'ombe wangapi?"

Kasmiri akafunga kompyuta.

"Wapo," akasema. "Wapo wapo tu."